Nina glasi nane za maji na mluzi wangu: naomba msaada wa kutyuni, na mniambie kama huu ni muziki kamili

NotiZaMaji

Wakuu habari zenu, naomba msaada na pia naomba maoni ya kweli hata kama yataniuma.

Mi ni mpiga kinanda, miaka tisa sasa. Tangu nilipoona video ya watu wawili wanapiga Mozart kwa kusugua midomo ya glasi na vidole vilivyolowa sijatulia, ile sauti imenikaa kichwani. Nikanunua glasi nane zile za mguu mrefu, kioo chembamba, nikasema nipate skeli moja tu ya Do mpaka Do ya juu. Na mluzi napiga tangu utotoni, hiyo ndo sauti yangu kabisa kwa sababu kuimba siwezi, kwa hiyo wazo langu ni nirekodi glasi kwanza ziwe kama pedi ya chini (sauti ndefu za nyuma) alafu juu yake niweke melodi kwa mluzi. Vipande viwili vitatu tu vya polepole, sitaki makubwa.

Sasa shida zangu. Kuna siku glasi zinaimba vizuri mpaka nywele zinasimama na kuna siku nasugua nusu saa napata mkwaruzo tu, kidole ni hichohicho, maji ni yaleyale ya bomba, sielewi kinachobadilika. Alafu nilijua ukiongeza maji sauti inapanda, maana ukipuliza chupa ndo inavyokuwa, lakini glasi zangu nikiongeza maji zinashuka, nikahisi labda programu ya kutyunia kwenye simu imeharibika. La na Si ndo zimenishinda kabisa, nimepunguza maji mpaka yameisha na bado hazijafika juu, Do ya juu ndo hata sijaigusa. Na nikishatyuni zote, nikipumzika nikarudi baada ya saa moja mbili nakuta zimehama.

Kwenye mluzi, noti za juu zinakatika zinakuwa pumzi tupu, na pumzi yenyewe inaniishia katikati ya sentensi ya muziki. Midomo inakauka napaka mafuta kila dakika.

Mwisho kabisa, kaka yangu mkubwa ambaye na yeye ni mwanamuziki na ndo aliyenifundisha kinanda, kanisikiliza juzi akasema hicho sio chombo, ni kionyesho cha mezani, niache nirudi kwenye mazoezi. Nimelala nayo. Je kuna watu wameishi kwa kazi hii, glasi au mluzi, wakaheshimiwa? Ama kaka ana hoja?

FundiMtetemo

Karibu mkuu, nimepiga glasi miaka sita na maswali yako yote nimeyapitia kwa hiyo nitajibu marefu kidogo.

Simu yako nzima, programu nzima. Chupa na glasi ni vitu viwili tofauti. Ukipuliza chupa kinacholia ni hewa iliyo ndani, ukiongeza maji hewa inabaki fupi, sauti inapanda. Ukisugua glasi kinacholia ni kioo chenyewe, ule ukuta wa glasi unajikunja na kujikunjua mara mamia kwa sekunde, ukiweka maji umeupa ukuta mzigo wa kubeba kwa hiyo unatetemeka polepole zaidi na sauti inashuka. Na sio kila tone lina nguvu sawa. Maji ya chini karibu na shina hayabadilishi kitu cha maana, unaweza kujaza robo ya glasi noti isisogee hata nusu ya nusu. Lakini ukifika juu karibu na mdomo ambako kioo kinachezea sana, kijiko kimoja kinakupeleka mbali. Ndo maana glasi iliyojaa karibu kufurika ni ngumu kuituliza na mi naziepuka.

Kutokana na hapo La na Si zako jibu lake ni rahisi ila halitakufurahisha: glasi ikiwa tupu hiyo ndo noti yake ya juu kabisa, hakuna njia ya kuipandisha zaidi. Unatakiwa utafute glasi nyingine ndogo zaidi, au yenye ukuta mnene zaidi. Mi nikienda dukani nabeba chupa ndogo ya maji na naomba ruhusa, nalowesha kidole nasugua, nasikiliza ikiwa tupu inaimba nini, ikiwa juu ya noti ninayoitaka kwa toni moja au moja na nusu hiyo naichukua. Usinunue seti ya nane zinazofanana ukidhani zitatosha skeli nzima, zitakubali noti tano au sita za chini tu, zingine zitakugomea kama ulivyoona.

Kuhama kwa tyuni ni maji yanapungua. Yanakauka polepole, na vidole vyako vinavyochovya na kudondosha vinaongeza huku na kupunguza kule. Chora mstari mwembamba wa kalamu ya alama kwa nje ya kila glasi usawa wa maji, uwe na bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kuongeza na kutoa tone tone. Na usichovye kidole ndani ya glasi unayopiga, weka bakuli pembeni la kulowesha vidole. Hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya tabu.

Sasa hii ya siku inaimba siku inakwaruza. Sauti ya glasi inatokana na kidole kunata na kuteleza, kunata na kuteleza, haraka sana, kama upinde kwenye uzi wa fidla. Maji yanaosha kioo na ngozi ili kunata kuwepo. Mafuta hata kidogo sana yanaua kunata, kidole kinateleza tu. Kwa hiyo nakuuliza swali moja na ujibu vizuri: hayo mafuta ya midomo unayapaka na nini?

NotiZaMaji

...na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ambacho ndo nasugulia glasi.

Aisee. Siku zinazokwaruza ni zile naanza na mazoezi ya mluzi kwanza. Nimekaa wiki tatu nabadilisha maji, nimenunua mpaka maji ya chupa.

FundiMtetemo

Basi ndo hapo mkuu. Osha mikono na sabuni isiyo na mafuta wala losheni, suuza mpaka ngozi ilie ukiisugua, glasi nazo zioshe hivyohivyo mdomoni pande zote ndani na nje, kausha kwa hewa usifute na kitambaa kilichofuliwa na dawa ya kulainisha. Kidole kikiwa bado kigumu gusa chaki kidogo sana. Chaki sio mbinu mpya, Benjamin Franklin mwenyewe aliandika habari ya chaki laini kwenye vidole karne ya 18 akimweleza rafiki yake jinsi ya kupiga chombo chake cha glasi.

KiooKinaimba

Hapo mmenigusa kwa sababu historia ya glasi ndo kitu nachokisoma kila siku, na huyo kaka yako (kwa heshima zote) inabidi asikie haya.

Kabla ya Franklin kulikuwa na Muairishi Richard Pockrich, miaka ya 1740 alikuwa anazunguka na glasi zake anafanya tamasha, watu wanalipa kiingilio. Alikufa 1759 kwenye moto London. Mwaka 1746 Gluck, huyu Gluck mtunzi wa opera, alisimama London na glasi 26 zilizotyuniwa kwa maji ya chemchemi akapiga konseto. Mtunzi wa kiwango kile hakuona aibu kusimama na glasi mbele ya watu waliolipa.

Franklin alimwona Edward Delaval akipiga glasi Uingereza mwaka 1761 na akapenda sauti, ila kama wewe akaudhika na habari ya maji na kutyuni kila mara. Akaenda kwa mfua kioo wa London anaitwa Charles James, wakatengeneza mabakuli 37 ya kioo, kila moja limesagwa mpaka likae kwenye noti yake bila tone la maji ndani, yakapangwa moja ndani ya lingine bila kugusana kwenye mtaimbo mmoja wa chuma uliolala, unazungushwa na kanyagio la mguu kama cherehani. Bakuli kubwa lilikuwa inchi 9 upana, dogo inchi 3. Midomo ya mabakuli aliipaka rangi ndani, noti saba rangi saba za upinde wa mvua na nusu toni akazipa nyeupe, ili jicho lijue kidole kiende wapi. Akakiita armonika kutoka neno la Kiitaliano.

Angalia alichobadilisha hapo. Mwanzo kidole ndo kinazunguka kwenye glasi, unapata glasi moja kwa kila mkono, mbili ukiwa fundi. Kwake kioo kinazunguka na kidole kimetulia, mabakuli yako karibukaribu, kwa hiyo unaweza kushika noti nyingi kwa mpigo mmoja kama kodi (chord) ya kinanda. Wewe mpiga kinanda ungejisikia nyumbani.

Aliyekifanya kiheshimike zaidi kwangu mimi ni Marianne Kirchgessner wa Ujerumani, alizaliwa 1769, alipoteza macho akiwa mdogo kabisa, akazunguka Ulaya miaka karibu kumi na chombo hicho. Mozart alimsikia Vienna akamwandikia Adajio na Rondo ya glasi na filimbi na obo na viola na selo, mwaka 1791, mwaka uleule aliokufa. Mwaka huohuo akaandika na Adajio nyingine ya glasi peke yake, ukurasa mfupi tu, na ukiisikiliza usiku taa zimezimwa utanielewa. Beethoven aliandikia glasi. Donizetti mwaka 1835 kwenye Lucia di Lammermoor alitaka glasi kwenye ile sehemu Lucia anapochanganyikiwa, kabla ya onyesho la kwanza ikawekwa filimbi badala yake, siku hizi baadhi ya nyumba za opera zimeirudisha glasi na tofauti ni kubwa mno, filimbi inamsindikiza yule mwanamke lakini glasi unaisikia kama inatokea ndani ya kichwa chake.

Zeze77

Nilisikia wapigaji walikuwa wanapata wazimu kwa sababu ya madini ya risasi yaliyoko kwenye kioo. Ni kweli? Isije jamaa akajidhuru.

KiooKinaimba

Uvumi huo ulikuwepo kweli na uliharibu jina la chombo, wengine walisema kinachosha neva, wengine kinaita mizimu, na daktari Mesmer alikuwa anakitumia kwenye matibabu yake ya kuwaingiza watu kwenye hali kama ya usingizi, kwa hiyo picha ikazidi kuwa ya kutisha. Lakini Franklin mwenyewe alikipiga mpaka uzeeni na akili yake ilikuwa timamu. Nyakati zile risasi ilikuwa kila mahali, kwenye vyombo vya kulia, kwenye rangi, kwenye dawa, huwezi kubebesha ncha za vidole mzigo wote. Ukitaka amani kabisa epuka kristali za zamani, tumia kioo cha kawaida.

Kilichokiua hasa naona ni sauti ndogo. Kumbi zilikua, okestra zikakua, na glasi haiwezi kupigwa kwa nguvu, ukikandamiza kidole zaidi inanyamaza. Kikakaa kando zaidi ya miaka mia. Akaja Mjerumani Bruno Hoffmann karne ya 20 akarudisha glasi za kusimama kwenye kumbi na rekodi, na Gerhard Finkenbeiner kule Massachusetts akaanza kutengeneza upya armonika miaka ya 1980 kwa kioo cha kwatzi, ambacho hakina risasi kabisa. Ufaransa ndugu wawili Bernard na François Baschet walishatengeneza cha kwao 1952, fimbo za kioo unazisugua kwa vidole vilivyolowa alafu mtetemo unapelekwa kwenye mabati makubwa yaliyokunjwa, hicho kina sauti ya kujaza ukumbi bila maiki. Na mwaka 1983 Sascha Reckert akatoa verofoni, mirija ya kioo iliyosimama, noti inategemea urefu wa mrija, hakuna maji wala kuhama tyuni. Watu kama Thomas Bloch wanaishi kwa kazi hii mpaka leo, wanaitwa na okestra kubwa, wanapiga muziki wa filamu.

BesiLaPili

Nitasema kitu ambacho labda hakitapendwa. Namwelewa kaka. Sisemi glasi sio chombo, lakini angalia orodha mliyotoa, Mozart mbili, Beethoven kidogo, Donizetti sehemu moja. Kinanda kina maktaba nzima. Mtu akiacha miaka tisa ya kinanda akahamia kwenye kitu chenye kurasa chache na sauti ya aina moja, ndugu yake ana haki ya kuwa na wasiwasi, hata mi ningekuwa nao. Na mluzi ni vilevile. Watu wanashangilia kwa sababu wameshangaa, mshangao ukiisha dakika ya tano wanaanza kuangalia simu. Hilo nimeliona kwa macho yangu ukumbini, sio kusimuliwa.

MluziMrefu

BesiLaPili hoja yako ya mshangao ni ya kweli na kila mpiga mluzi anaijua, dakika ya tano ndo mtihani wetu. Ila jibu lake sio kuacha, jibu ni mtu awe na muziki wa kusema. Hakuna anayemsikiliza Toots Thielemans kwa mshangao. Yule Mbelgiji alikuwa anapiga gitaa na mluzi kwa pamoja noti kwa noti, Bluesette aliitengeneza 1962 na wanajazi wanaipiga mpaka leo bila kujali ilianzia kwenye mluzi. Otis Redding mwisho wa Dock of the Bay, zile sekunde za mluzi, jaribu kuuondoa uone wimbo unabaki na nini. Na zile filamu za kikauboi za Kiitaliano za miaka ya 1960 muziki wake Morricone, mluzi ule ni wa Alessandro Alessandroni, mtu mmoja na midomo yake, na dunia nzima ikisikia tu inaona jangwa na farasi.

Watu wameishi kwa mluzi mkuu, tena tangu mashine ya kurekodi inaanza. George W. Johnson, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia, alikuwa anapiga mluzi mitaani New York anapata sarafu, mwaka 1890 hivi wakamchukua kurekodi na akawa mmoja wa wasanii wa kwanza weusi kurekodiwa na kuuza sana. Wakati ule hakukuwa na njia nzuri ya kunakili silinda (ndo zilikuwa rekodi za wakati ule), ikabidi apige wimbo uleule upya, mara nyingi kwa siku, kila mara mluzi uwe sawa. Fikiria midomo. Na mluzi ulikuwa unashikwa vizuri na mashine zile wakati vyombo vingine vilitoka kama vimefunikwa na blanketi.

Alice Shaw wa New York aliachwa na watoto wa kike wanne wa kulea, miaka ya 1880 akageuza mluzi kuwa kazi, akafika mpaka London kupiga mbele ya wakubwa. Wakati ambao mwanamke kupiga mluzi kulionekana utovu wa adabu. Agnes Woodward akafungua shule ya mluzi Los Angeles mwaka 1909, wanafunzi wengi wanawake, akaandika na kitabu cha mafunzo chenye alama zake za kuonyesha mapambo ya sauti za ndege. Fred Lowery wa Texas, asiyeona, alikuwa anasimama na bendi kubwa miaka ya 1930 na 1940. Roger Whittaker aliyezaliwa Nairobi 1936 na kufariki 2023 alikuwa mwimbaji lakini mluzi wake ndo ulikuwa saini. Siku hizi Molly Lewis anajaza kumbi kwa mluzi na bendi nyuma yake, na Geert Chatrou wa Uholanzi ni bingwa wa dunia wa 2004, 2005 na 2008, anapiga na okestra kamili vipande vya klasiki ambavyo mtu wa filimbi angejiandaa miezi. Miaka mingi mashindano yale yalikuwa mji mdogo wa Louisburg, North Carolina, mpaka 2013, kisha yakahamia kwingine ikiwemo Japani.

Sasa mbinu, maana ndo uliuliza.

Noti haitengenezwi na midomo. Midomo inaweka tundu tu. Noti inatengenezwa na nafasi ya hewa kati ya ulimi na midomo, ukiisogeza ulimi mbele na juu nafasi inakuwa ndogo sauti inapanda, ukiurudisha nyuma nafasi inakuwa kubwa inashuka. Weka midomo ya mluzi alafu bila kupuliza sema taratibu "o" kwenda "u" kwenda "i", sikia ulimi unavyosafiri. Hiyo ndo skeli yako. Noti zako za juu zinakatika kwa sababu unazitafuta kwa kukaza midomo na kupuliza kwa nguvu, nguvu ikizidi hewa inachafuka unapata pumzi tupu kama unavyosema. Za juu zinataka hewa kidogo na nyembamba, ulimi uwe kama wa "i", ncha iko karibu na meno ya chini. Panda nusu toni kwa siku mbili tatu, usiruke.

Kuhusu pumzi, jifunze kupiga ukivuta. Mluzi unalia hewa ikitoka na ikiingia, filimbi haina bahati hiyo. Mwanzoni sauti ya kuvuta itakuwa nyembamba na tyuni yake itakimbia, piga noti moja ndefu ukitoa kisha ukivuta, toa, vuta, mpaka anayesikiliza chumba cha pili asijue umebadilisha wapi. Mi ilinichukua miezi minne. Baada ya hapo sentensi ya muziki inaisha pale unapotaka wewe, sio pale mapafu yanapotaka.

Na midomo: kunywa maji mapema, sio wakati unapiga. Mafuta paka usiku ukilala. Wakati wa kupiga midomo iwe na unyevu wake tu, mafuta yanalegeza lile tundu na unapoteza ukingo wa sauti. Kwa hiyo yale mafuta yalikuwa yanakuharibia pande zote mbili.

FundiMtetemo

Naongeza kwenye hiyo ya kuchanganya maana nimejaribu na nikafeli mwanzoni. Glasi na mluzi ni sauti zinazofanana sana, zote mbili ni safi mno, karibu noti tupu bila zile sauti ndogondogo za juu zinazoambatana na noti ya fidla au kinanda. Mluzi unaishi juu, kama herzi (mitetemo kwa sekunde) 500 mpaka 4000. Ukiweka glasi kwenye eneo hilohilo hazitaonekana mbili, zitapigana, na tyuni ikitofautiana hata kidogo utasikia mawimbi, wau wau wau, masikio yanachoka haraka. Kwa hiyo shusha glasi, tafuta kubwa zaidi, skeli yako ya kwanza iwe oktavu chini ya mluzi. Glasi zishike noti ndefu mbilimbili, nafasi ya tano au ya sita, mluzi ndo utembee.

Ukirekodi, weka maiki mbali kidogo, nusu mita na zaidi. Kidole kikizunguka glasi mtetemo unazunguka nacho, maiki ikiwa karibu utasikia sauti inavimba na kunywea mara nne kila mzunguko. Wengine wanaipenda, mi kwa noti ndefu naona inasumbua. Mluzi nao usipulizie maiki uso kwa uso, upitishe pembeni.

Zeze77

Swali dogo, zile bakuli za Wahindi zenye maji zinazogongwa na vijiti ni familia hiyo?

KiooKinaimba

Jal tarang. Ni ndugu wa karibu upande wa maji, ukiongeza yanashusha vilevile, ila ni bakuli za kauri na zinagongwa, kwa hiyo noti inazaliwa na kufa papo hapo. Glasi ya kusuguliwa noti inazaliwa polepole na inakaa unavyotaka. Wapigaji wa jal tarang wana kitu kizuri sana, wanagusa maji yenyewe kidogo na kijiti baada ya kugonga, noti inayumba kama sauti ya mtu. Tafuta rekodi zake usikilize.

BesiLaPili

MluziMrefu nimekusoma vizuri. Ile ya Johnson kupiga mluzi uleule siku nzima sikuwa naijua, nimeisoma mara mbili. Bado nasema asiache kinanda.

MluziMrefu

Hapo tuko pamoja kabisa. Kinanda ndo kimempa masikio ya kujua Si haijafika juu.

NotiZaMaji

Wakuu nimerudi, siku kumi na moja zimepita. Nilitaka nijaribu kwanza ndo nijibu.

Sabuni na bakuli la pembeni vimemaliza mkwaruzo kabisa, hakuna siku iliyogoma tangu hapo. Mafuta nimehamishia usiku na napaka na pamba, sio kidole. Nilienda dukani na chupa yangu ya maji, muuzaji alinikatalia mwanzo ila aliposikia ya kwanza inaimba akaanza kunitolea mwenyewe za kwenye rafu ya juu. Nimepata La, nzuri, ikiwa tupu iko toni moja na robo hivi juu, maji yanapita nusu kidogo na imetulia. Si bado. Nimejaribu glasi kumi na nne hakuna, nyingi zinaishia Si ya chini kidogo, zingine zimepita mbali mno juu. Kwa sasa nimetunga kipande kisicho na Si ndani, noti sita tu, na kwa namna fulani kimekuwa kizuri zaidi kuliko nilivyopanga.

Kuvuta pumzi na mluzi, bado. Noti moja naweza, nikibadilisha kwenda ya pili inakimbia. Ila za juu zimefunguka, ile ya "i" na ulimi kwenye meno ya chini ilikubali siku ya tatu, nikapanda nusu toni mbili ambazo sikuwahi kuwa nazo maishani.

Jana usiku nimerekodi. Glasi zimeshika Fa na Do, mluzi umeingia juu yake, maiki ilikuwa mbali kama alivyosema FundiMtetemo. Kuna mahali karibu na mwisho zimekaa sawasawa kabisa mpaka nikashindwa kusikia glasi inaishia wapi na mluzi unaanzia wapi, nimerudia kusikiliza hapo mara nyingi sana. Nimemtumia kaka bila maelezo yoyote. Ameniuliza ni chombo gani hicho cha chini. Sijamjibu bado, nataka aje asikie hapa hapa zikiwa mezani.

FundiMtetemo, kama una wazo la glasi ya Si niambie, nipo tayari kuzunguka.

FundiMtetemo

Usitafute za mguu mrefu tena. Jaribu zile fupi za duara zenye tumbo na mdomo mdogo, ukuta wake ni mnene na zinaanzia juu sana. Shina lake fupi hivyo ishike chini na mkono wa kushoto isitembee. Na kaka akija mpe kwanza aoshe mikono.